Magendo ya karafuu si dhambi? Majibu kwa hoja saba

Wapo Wakatoliki, wakazi wa Pemba na wale wa bara wanaofuata msimu, wanaoamini kwa moyo mweupe kwamba kuvusha karafuu usiku kupitia bandari bubu hadi Shimoni au Vanga, pwani ya Kenya, ni kosa la serikali na si kosa mbele ya Mungu. Ukikamatwa, bahati yako mbaya. Usipokamatwa, Jumapili unakwenda kupokea Komunyo kama kawaida. Hoja zao si za kipuuzi. Baadhi zina mizizi katika vitabu vya wanateolojia wakubwa, hata kama wanaozitoa hawajawahi kuwasikia. Zinastahili kujibiwa moja moja, bila kutishia watu kwa moto wa milele na bila kuisafisha serikali pale isipostahili.

Kwanza, mambo yalivyo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi Zanzibar. Soko lake halijawa huria kwa muda mrefu. Waingereza waliunda chama cha wakulima wa karafuu mwaka 1927, na walipokipa ukiritimba wa kusafirisha nje mwaka 1937, wafanyabiashara wa India wakagomea karafuu ya Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi hiyo ikaangukia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968. Mkulima hupeleka karafuu kavu kituoni, karani huzipima na kuzipanga daraja, mkulima hulipwa. Kuzitoa nje ya nchi kwa mlango mwingine ni magendo, na KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ndicho kinacholinda pwani. Bei ya Mombasa ikizidi ya kituoni, mashua hung'oa nanga.

Hoja ya kwanza: “Hii ni sheria ya adhabu tu. Ukikamatwa lipa, usipokamatwa huna deni.”

Hoja hii ina ukoo. Mwaka 1236 Wadominiko waliandika katika katiba yao kwamba kanuni za shirika hazimfungi mtawa kwa dhambi, humfunga kwa adhabu. Aliyevunja ukimya wa usiku afanye malipizi, basi. Ilikuwa busara kwa nyumba ya watawa. Karne tatu baadaye Mfransisko Alfonso de Castro, katika kitabu chake cha mwaka 1550, aliieneza fikra hiyo kwenye sheria za nchi, na Mjesuiti Francisco Suárez akaiendeleza mwaka 1612. Kwa vizazi vingi waungamishi waliitumia kuwapumzisha watu waliopitisha vitu bila kulipa ushuru wa forodha.

Tatizo ni kwamba mtawa na raia hawasimami mahali pamoja. Mtawa amekwisha kujitoa mzima kwa nadhiri. Kanuni ndogo zinampa nidhamu tu. Sheria ya mapato ya nchi inabeba kitu kizito zaidi: dawa za zahanati, mshahara wa mkunga, madawati ya skuli ya Micheweni. Vitu hivyo havilipiwi kwa faini za wachache wanaonaswa. Sheria ambayo wajibu wake unaanza pale askari anapokutia mkononi inamwachia mwerevu faida na kumtwika mwaminifu mzigo wote.

Kanisa lenyewe limekwisha kuifunga njia hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya *Gaudium et Spes* ya mwaka 1965, namba 30, uliwalaumu wanaokwepa kodi za haki kwa hila. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2240, inahesabu kulipa kodi kuwa wajibu wa kimaadili, na namba 2409 inaweka ukwepaji wa kodi chini ya amri ya saba, kundi moja na kughushi hundi na ankara. Angalia lakini neno moja la Mtaguso: kodi *za haki*. Tutalifikia.

Hoja ya pili: “Karafuu ni zangu. Nimezipanda, nimezipalilia, nauza nipendako.”

Nusu ya hoja hii ni kweli, na ni nusu ambayo viongozi hupenda kuisahau. Papa Leo XIII, katika *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, alitetea kwa nguvu haki ya mtu kumiliki ardhi aliyoimwagia jasho. Pemba ni kisiwa cha wakulima wadogo, na mikarafuu mingi ni ya urithi wa babu na bibi. Hakuna mamlaka inayoweza kuitazama miti hiyo kama yake.

Nusu ya pili ni hii. Mafundisho hayohayo ya Kanisa yanasema mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya wote, na kwamba haki ya mmiliki inaishi ndani ya ukweli huo. Katekisimu, namba 2406, inaipa mamlaka ya nchi haki na wajibu wa kusimamia matumizi ya mali kwa ajili ya manufaa ya wote. Pemba jambo hili si la vitabuni. Baada ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na wananchi wakagaiwa eka tatu. Serikali imegawa miche ya mikarafuu bure. Barabara zinazofika mashambani zimejengwa kwa fedha za wote. Jasho ni lako, na kuna mikono mingine ndani ya gunia.

Ila kusimamia si kunyang'anya. Anayemchagulia mkulima mnunuzi mmoja tu anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba mkulima hatoki kituoni akiwa fukara kuliko angekuwa sokoni. Kwa hiyo umiliki peke yake haumalizi kesi. Swali linahamia kwenye sheria yenyewe.

Hoja ya tatu: “Sheria hii ni dhuluma, na sheria dhalimu haimfungi mtu.”

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na kanuni yake ni sahihi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba sheria huwa dhalimu kwa njia tatu: mtawala anapoitunga kwa tamaa yake na si kwa faida ya watu; anapovuka mipaka ya mamlaka yake; au mzigo unapogawanywa bila usawa, hata kama lengo ni jema. Sheria ya namna hiyo haifungi dhamiri, isipokuwa pale ambapo kuivunja kungeleta kashfa au vurugu kubwa zaidi.

Tuipime historia kwa kipimo hicho. Katika miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei nzuri duniani kwa sababu Indonesia ilinunua kwa wingi kutengenezea sigara zake za kretek. Mkulima wa Pemba alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Iliyobaki ilikwenda hazina, na kisiwa kilichotoa karafuu kikabaki nyuma ya Unguja kwa barabara, umeme na hospitali. Kwa kipimo cha Thoma, hiyo ilikuwa kasoro ya tatu, waziwazi. Muungamishi wa zama zile aliyemhurumia mkulima aliyevusha gunia lake alikuwa na msingi.

Lakini kanuni hiyohiyo inataka tupime sheria ya leo, si ya jana. Tangu 2011 serikali imejifunga kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na mwaka huohuo kilo ya daraja la kwanza ilifikishwa shilingi 15,000. Asilimia 20 inayobaki, ikilipia vituo, maghala, usafirishaji na huduma za wakulima, si mgawanyo ambao Thoma angeuita dhuluma. Papa Yohane XXIII, katika *Mater et Magistra* ya mwaka 1961, aliwaagiza watawala wakumbuke kwamba pato la mkulima huja polepole na kwa hatari kubwa, na kwamba bei ya mazao yake inastahili kulindwa. Bei iliyotangazwa kabla ya msimu, isiyoporomoka London au Singapore zinapotetereka, inaweza kuwa ulinzi wa aina hiyo.

“Inaweza” ndilo neno. Msimu ambao ahadi ya asilimia 80 haitimizwi, au malipo yanacheleweshwa hadi ada za watoto zinapita, mkulima ana madai ya haki. Madai hayo yana milango yake: Baraza la Wawakilishi, vyama vya ushirika, mahakama, vyombo vya habari. Milango hiyo ikifungwa kwa nguvu, dhambi ya kwanza ni ya aliyeifunga. Lakini anayedai kwamba sheria ya leo haimfungi anatakiwa aonyeshe dhuluma ya leo. Hawezi kukopa ile ya 1975.

Hoja ya nne: “Sivushi karafuu; najilipa nilichodhulumiwa.”

Wanateolojia wa maadili wanalijua jambo hili kwa jina la fidia ya siri: mtu anayedai anachukua haki yake kimyakimya bila kupitia kwa hakimu. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, aliyefariki mwaka 1787 na ambaye ni msimamizi wa waungamishi, hakuikataa kabisa. Aliizungushia masharti: deni liwe la hakika, liwe la haki kamili na si la matumaini, kusiwe na njia nyingine ya kulipwa, mdai asizidishe hata senti, na asiumizwe mtu wa tatu. Kabla yake, mwaka 1679, Papa Inosenti XI alikuwa amekwisha kulilaani fundisho lililowaruhusu watumishi wa nyumbani kuiba kwa mabwana zao kisa wanaona mshahara ni mdogo kuliko kazi yao. Sababu iko wazi: kila mtu akiwa hakimu wa deni lake mwenyewe, hakuna deni litakaloonekana dogo.

Sasa mlete mvusha magendo mbele ya masharti hayo. Anadai kilo ngapi? Anamdai nani? Je, deni ni lake au la marehemu babake? Atajua lini kwamba amelipwa ili aache? Hakuna anayejibu, kwa sababu hakuna anayekusudia kuacha.

Najua wapo watakaosema kwamba majeraha ya Pemba ni makubwa kuliko hesabu za bei. Ni kweli. Januari 26 na 27, mwaka 2001, waandamanaji waliuawa kwa risasi, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, njia ileile ya magunia. Damu hiyo inadai ukweli, haki na maridhiano, na Mkristo yeyote anayewahimiza Wapemba wasahau anasema uongo juu ya amani. Lakini damu ya watu haigeuki kuwa kibali cha kusafirishia karafuu, na faida ya mlanguzi wa Mombasa haijamfuta mjane yeyote machozi.

Hoja ya tano: “Maskini hana budi.”

Mwenye njaa ya kufa, au mwenye mtoto anayehitaji dawa usiku huu, hatendi wizi akichukua kinachohitajika kuokoa uhai pale ambapo hakuna njia nyingine. Katekisimu, namba 2408, inasema hivyo, na Thoma alisema hivyo kabla yake. Mlango huo upo, nao ni mwembamba: ni kwa haja ya wazi na ya papo hapo.

Anayepakia magunia ishirini kwenye boti ya mashine mbili hapiti mlango huo. Tumtafute maskini wa kweli katika biashara hii. Yuko shambani, miezi mingi kabla ya msimu. Mchele umekwisha, mtoto anadaiwa sare, na anakuja mtu mwenye fedha taslimu kununua karafuu zikiwa bado mtini, au mbichi siku ya kuchumwa, kwa bei ya kutupa. Karafuu hizo mara nyingi ndizo zinazoelekea bandari bubu, kwa sababu aliyezipata kwa njia hiyo hapendi maswali ya kituoni. Maskini ameuza shida yake. Tofauti ya bei ya Mombasa imeingia mfukoni mwa mwingine. Katekisimu, namba 2269, inatumia lugha kali kwa wafanyabiashara ambao ulafi wao wa riba unasababisha njaa na vifo: inawahesabu kuwa wauaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Uislamu nao umeiharamisha riba. Kwa hiyo atakayemtaja maskini ili kutetea magendo aanze na kumrudishia maskini huyo bei yake.

Hoja ya sita: “Mimi mpagazi tu. Mzigo si wangu.”

Hoja hii inawahusu Wakatoliki kwa namna ya pekee, kwa kuwa wengi wao Pemba ni watu wa kuja: askari, watumishi wa serikali, vibarua wa msimu. Teolojia ya maadili hupambanua kati ya anayeshiriki dhambi kwa kuikusudia na anayeisaidia kwa mkono bila kuitaka. Kibarua aliyekodiwa kubeba magunia kutoka shamba hadi gari, asiyejua yaendako, hana hatia. Akijua, na ana kazi nyingine, hatia yake inakua. Akijua, na hana kazi nyingine, na bila yeye magunia yangebebwa na mwingine, muungamishi atampima kwa upole, na atamwambia atafute kazi nyingine.

Nahodha hana upole huo. Bila yeye safari haipo. Wala hana askari anayegeuza uso ufukweni kwa bahasha. Katekisimu, namba 1868, inamhesabu mshiriki wa dhambi hata yule asiyezuia au asiyefichua ovu ilhali ni wajibu wake. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache jeshi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu wala kwa hila, waridhike na mshahara wao. Ushauri ule unatosha kubandikwa katika kila kituo cha pwani.

Hoja ya saba: “Mimi nauza kituoni. Mikono yangu ni safi.”

Huyu ndiye anayepigiwa makofi mikutanoni, na ndiye niliyemwachia nafasi kubwa, kwa sababu karafuu inaweza kufuata sheria zote za nchi na bado ikafika kituoni imebeba dhuluma.

Anza na mchumaji. Mkarafuu mkongwe hupita mita kumi kwa urefu na matawi yake ni mepesi kukatika. Mchumaji hupanda alfajiri, anavuta tawi kwa mkono mmoja na kukonyoa vikonyo kwa mwingine, na hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Kila msimu kuna wanaoanguka. Wengine huvunjika mgongo na hawatembei tena. Mwenye shamba husema: tulikubaliana bei ya pishi, alikubali mwenyewe. Leo XIII alilijibu hilo mwaka 1891: mapatano ya hiari hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, kwa kuwa mwenye njaa hukubali chochote. Katekisimu inalirudia katika namba 2434. Bei ya pishi ya haki inatazama hatari ya mti, mahitaji ya nyumba ya mchumaji na anachopata mwenye shamba baada ya kuuza. Inatazama pia kama mchumaji akianguka kuna atakayempeleka hospitali na kuilisha familia yake. Barua ya Yakobo, sura ya tano, inasema ujira uliozuiwa wa wavunaji unapiga kelele na umefika masikioni mwa Mungu. Mwandishi wake hakuujua mkarafuu, lakini mchumaji wa Pemba yumo katika aya ile.

Kisha wachambuzi. Jioni wanawake na watoto hukaa barazani kutenga karafuu na makonyo. Makonyo nayo yana thamani: hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Kazi ya mwanamke nyumbani huhesabiwa kuwa ni msaada, hivyo hailipwi. Na mtoto anayesinzia darasani kwa wiki za msimu analipa kwa masomo yake.

Kisha mizani. Mkulima anayelowesha karafuu ziongezeke uzito, au anayechanganya makonyo na mchanga, ameiba. Karani yeyote anayeandika daraja la pili kwa karafuu za daraja la kwanza, au anayekandamiza kipimo, ameiba pia, na ameiba kwa mtu asiye na mnunuzi mwingine wa kumkimbilia. Hapa kanuni ya Leo XIII inageuka na kumtazama mnunuzi. Papa Paulo VI aliipanua mwaka 1967, katika *Populorum Progressio*, hadi kwenye biashara: pande mbili zisipokuwa na nguvu sawa, kukubaliana hakutoshi kuifanya bei iwe ya haki. Mnunuzi pekee ana wajibu mkubwa zaidi wa unyofu kuliko mnunuzi mmoja kati ya mia.

Wala Mkatoliki asidhani analeta kitu kigeni Pemba anaposema haya. Walawi, sura ya 19, inaamuru mizani ya haki. Kurani ina sura nzima, ya 83, inayofunguka kwa onyo kwa wanaopunja vipimo. Katika kisiwa ambacho karibu kila jirani ni Mwislamu, hili ni fundisho ambalo padre na sheikh wanaweza kulisimamia pamoja bila yeyote kujikunja.

Hukumu

Magendo ya karafuu, kwa bei na sheria zilivyo leo, ni kosa la dhamiri, si la KMKM pekee. Uzito wake hutofautiana: mdogo kwa kibarua, mkubwa kwa mlanguzi, nahodha na askari aliyenunuliwa. Aliyetenda hatoki kwenye kitubio kwa majuto peke yake. Amri ya saba inadai kurudisha. Aliyempunja mkulima anayemjua amlipe mkulima huyo. Asiyeweza kumpata, awape maskini. Aliyelinyima taifa mapato atafute njia ya kuyarudisha kwa wananchi walewale: zahanati, skuli, mfuko wa wachumaji waliovunjika. Zakayo mtoza ushuru aliahidi mara nne.

Na serikali isishangilie mapema. Ukiitaka dhamiri ya mkulima isimame upande wako, sheria yako ibaki ya haki kila msimu: bei iliyoahidiwa ilipwe, kwa wakati, kwa mizani ambayo mkulima anaweza kuisoma kwa macho yake. Thoma hakumpa mtawala yeyote hati ya kudumu. Msimu ambao haki hiyo itakosekana, hoja ya tatu itarudi, na itakuwa na nguvu.

Msomaji uliye Wete, Mkoani au Chake Chake: kabla ya kuuliza ni nani anavusha karafuu usiku, uliza mchumaji wako ulimlipa pishi kwa bei gani mchana.